Masikio ya Karakana

Ukitaka kumkera Afande Mbona, mwambie jambo fulani liko wazi. Atavuta kiti hapohapo, akae, akuulize mbona liko wazi, na nani kalifungua. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika kituoni. Hata mahabusu walimwita Mbona, naye akawaitikia.

Basi asubuhi hiyo Mkuu wa kituo akateleza, akamwambia kesi ya Mama Pacha iko wazi kama mchana. Mwanamke ndiye aliyekuwa akipeleka chupa ya chai kwenye karakana ya kina mumewe kila siku. Mumewe, fundi bati waliyemwita Nyundo, alikuwa amefariki juma lililopita, figo zote mbili zimegoma. Mdogo wa marehemu, Patasi, aliyekunywa chai hiyohiyo, sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Na askari walipopekua jikoni kwa mwanamke walikuta chini ya sinki chupa ya soda, ndani yake tindikali ya kulehemu. Aliyemshtaki ni mama mkwe mwenyewe. Kesho asubuhi angefikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mkuu alihitimisha.

"Mbona chupa haikufichwa? Ilikaa na sabuni ya vyombo."

"Una leo tu, Mbona. Kesho anapanda kizimbani."

Mahabusu ya wanawake zamani ilikuwa stoo ya matairi, na harufu ya mpira ilikuwa haijatoka. Dirisha walikuwa wamelijenga kwa tofali, wakaacha upenyo wa kupitisha mkono, nao ulitazama ukuta wa jengo la pili. Mtu mzima akinyoosha mikono aligusa kuta zote mbili. Mama Pacha alikuwa ameketi juu ya kibao, miguu kaikunja kwa sababu sakafu ilikuwa na maji, na alipomwona Afande hakuinuka wala hakulia. Alikuwa amekwisha kulia, sauti ilibaki mikwaruzo mitupu.

Alieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi bila kusikilizwa. Tindikali aliileta mumewe kusugulia madoa ya chooni, jirani yeyote atasema. Chai alikunywa yeye, wakanywa watoto, ndipo iliyobaki ikaenda karakana. Afande akamuuliza kama mumewe aliwahi kuumwa kabla ya kumwoa. Hapo mwanamke akainua uso.

"Alinisimulia mwenyewe. Utotoni kila akipata homa mkojo ulikuwa mwekundu, rangi ya chai kavu. Tulipooana ukawa na povu la kushangaza. Nikamwambia twende hospitali, akasema fundi bati haendi hospitali kwa sababu ya povu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Askari wako akaniambia nikamweleze hakimu."

Halafu akaacha habari za mumewe. Mama mkwe alikuwa amekuja siku ileile aliyokamatwa, akamchukua pacha wa kiume. Wa kike akamwacha kwa jirani. Alisema wa kiume ni wa karakana, wa kike ni wa mama yake.

"Nyumba ile inakula wanaume, Afande. Alianza babu yao, akaja mume wangu, sasa Patasi. Mwanangu yuko mle, na mimi niko humu. Nani atamtoa?"

Afande alitoka. Alifunga mlango kwa nje, komeo likakwama njiani kama kawaida yake, ikabidi alisukume kwa bega huku mwanamke akimtazama.

Karakana ya kina Nyundo ilisikika kabla ya kuonekana. Walitengeneza mabomba ya moshi, ndoo, masanduku na mifereji ya paa, na kila kitu kilipigwa kwa nyundo mpaka barabara nzima ikatetemeka. Mlangoni, kwenye kiti kilichofumwa kwa waya, aliketi Bi Mkubwa, mama wa marehemu, mwanamke wa umbo la kabati. Karakana ilikuwa ya baba yake, na yeye aliirithi pamoja na ukali. Pacha wa kiume alikuwa amesimama katikati ya magoti yake. Kila mtoto alipotaka kukimbia, mikono ya bibi ilimkaza.

Bi Mkubwa hakuzunguka mbuyu. Mkamwana wake ni muuaji, na kama serikali ingechelewa kumnyonga basi imwachie yeye. Wanawe walikuwa na nguvu za chuma. Yeye mwenyewe, umri huu, hajawahi kuumwa hata jino. Alijitolea kumpa Patasi figo moja, nani mwingine angefanya hivyo? Lakini hospitali wakamkatalia, eti mkojo wake una damu isiyoonekana kwa macho.

"Damu isiyoonekana," alisema kwa dharau. "Sasa wao wameionaje?"

Afande akaliweka neno hilo akilini, akaingia ndani. Patasi alikuwa ameinamia bati, mkono mmoja umefungwa bandeji pale mashine inapochomekwa. Uso ulikuwa umevimba hadi macho yamekuwa mistari. Kuzungumza naye kulikuwa kazi ya punda, maana kila swali lilitakiwa kupigiwa kelele sikioni, na mara nyingine alijibu swali ambalo hakuulizwa. Si kwamba alificha jambo. Alikuwa akitazama midomo ya Afande na kukisia.

Bi Mkubwa akaeleza kutoka mlangoni kwa fahari. Hilo ndilo sikio la bati. Fundi wa kweli wa nyumba hii nyundo humla masikio. Baba yake, ambaye picha yake ilining'inia juu ya benchi la kazi, hakusikia hata radi, akafa bado kijana, mwili umevimba kwa kuchoka. Nyundo alikuwa hivyohivyo. Mtu mwenye masikio mazima katika nyumba hii maana yake ni mvivu, na mvivu wao walimjua.

Mvivu huyo alicheka kutoka pembeni. Alikuwa kaka yake Bi Mkubwa, mzee mkavu mwenye mikono iliyojaa makovu, na jina lake la utani lilikuwa Mzee Masikio. Maisha yake yote walikuwa wakimtania kwamba hajawahi kupiga nyundo ya maana, ndiyo maana anasikia mpaka sisimizi wakigombana. Aliuchukulia utani huo kama mtu anavyochukulia mvua.

Wakati huo mafundi walikuwa wamenyamaza kupisha maongezi. Patasi alisimama bega kwa bega na Afande, Mzee Masikio alikuwa mwisho kabisa wa karakana, karibu na tanuru.

"Afande, simu yako inaita," mzee akasema.

Patasi hakugeuka. Afande, masikio yake bado yakivuma kwa nyundo, alitoa simu mfukoni, ikilia kweli. Aliyepiga alikuwa mkemia aliyepelekewa vielelezo vya kesi. Chupa ya soda ilikuwa na tindikali tupu ya kulehemu, lakini chupa ya chai, kikombe, hata majani ya chai jikoni, vyote vilikuwa safi. Afande alimshukuru, akabaki ameishika simu, anatazama makovu kwenye mikono ya mzee.

"Umepiga nyundo tangu lini, mzee wangu?"

"Tangu huyu dada yangu hajaota meno ya pili."

"Mbona unasikia?"

Mzee akafikiri. Ilionekana wazi kwamba watu walimcheka miaka yote kwa swali hilo, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sijui, Afande. Labda kweli mimi mvivu."

Afande akauliza kama ukoo huu ulikuwa na mwanamume yeyote ambaye hajawahi kunywa chai ya Mama Pacha. Bi Mkubwa akasonya. Alikuwapo mmoja, mtoto wa binti yake wa kwanza. Binti huyo alikataa katakata mwanawe kushika nyundo, wakagombana, akahamia ng'ambo ya pili ya mji. Huyo mjukuu sasa ni kinyozi. Kunyoa watu ndevu, hiyo nayo ni kazi? Hakuwa amekanyaga hapa tangu arusi ya Nyundo.

Saluni ya Kinyozi nayo ilisikika kabla ya kuonekana, kwa sababu ya redio. Mwenye duka la jirani alikuwa mlangoni kwake, vidole masikioni, akamwambia Afande kama anaingia humo basi amfanyie hisani aizime. Afande hakujitambulisha. Aliketi, akafungwa shuka shingoni, akaomba anyolewe kidevu, sharubu ziachwe.

Kijana alikuwa mchangamfu, hana hata miaka ishirini na mitano. Alisema ndiyo, ndiyo, akaanza kazi. Afande kwenye kioo aliona wembe unapanda. Akasema basi, inatosha. Wembe ukaendelea. Akasema tena kwa sauti ambayo kituoni ingesimamisha gwaride. Kijana akatabasamu tu, akageuza uso wa mteja upande wa pili, na nusu ya sharubu alizozitunza tangu chuo cha polisi ikaanguka kwenye shuka.

Afande alimshika mkono. Kijana alipotambua alichofanya alitahayari, akaomba msamaha mara kumi. Masikio yake yalikuwa na shida tangu shule, alisema, siku hizi hutazama midomo ya wateja, na mteja akilala na povu usoni midomo haionekani. Afande akamwambia amalizie tu hiyo nusu nyingine, maana kwenda mjini na nusu sharubu ni kujidhalilisha.

Alipoinama kufutwa uso ndipo alipoiona miguu. Kijana alivaa kandambili, na mkanda ulikuwa umezama katika nyama kama uzi uliofunga mzigo. Akamuuliza, uso kwa uso, taratibu.

"Hiyo miguu?"

"Kusimama, mzee. Kazi yetu ni kusimama."

"Umeamka nayo hivyo kabla ya kusimama?"

Kijana akaitazama miguu yake.

"Na mkojo? Una povu?"

Hapo akaketi kwenye kiti cha wateja. Alimuuliza Afande ni daktari, au ni mganga. Afande akatoa kitambulisho, akamwambia afunge saluni. Kijana akashika meza kwa mikono miwili, akasema hajaiba kitu cha mtu. Ilibidi aelezwe tena, polepole, kwamba hakuna aliyemshuku kwa lolote, na kwamba huenda yeye peke yake mjini hapa anaweza kumtoa mke wa mjomba wake mahabusu.

Daktari wa figo aliwapokea mchana. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa polisi, na alianza kwa kusema siri za wagonjwa si mali ya kituo. Afande akasema hataki siri. Alitaka amwone huyu kijana aliyekuja kwa miguu yake, halafu asikilize hadithi. Kijana akatoa mkojo. Daktari akachovya kijikaratasi, kikabadilika rangi upesi mno, akaacha kuongea.

Afande akasimulia. Babu kiziwi aliyekufa amevimba. Mwanawe wa kiume, amegonga bati maisha yake yote, anasikia vizuri na mzima. Binti wa babu, mzima pia, ila amejitangaza mwenyewe kwamba alikataliwa kutoa figo kwa damu isiyoonekana. Wana wawili wa huyo binti, viziwi wote, figo zimekufa. Binti wa binti, mzima. Na mwana wa huyo, hajashika nyundo, hajanywa chai, ndiye huyu hapa.

Daktari alivua miwani. Akasema jambo ambalo madaktari hawalisemi kila siku.

"Nilijua Patasi hasikii. Nikaandika ni kelele za kazini. Sikuuliza zaidi."

"Wote hawakuuliza. Karakana ndiyo iliyowajibu."

Akaeleza kwa lugha ya watu. Chujio la figo lina utando mwembamba sana, na utando wa aina hiyo umo pia ndani ya sikio. Ukiharibika, vyote viwili huenda pamoja. Maelekezo ya kuutengeneza tunayarithi. Mwanamke ana nakala mbili, mfano wa mtu mwenye funguo mbili za mlango mmoja. Mmoja ukiwa mbovu, hufungua kwa mwingine, anaweza kuzeeka asijue. Dalili yake pekee mara nyingi ni hiyo damu kidogo isiyoonekana, ingawa wengine huja kuumwa ukubwani. Mwanamume ana ufunguo mmoja tu, na kapewa na mama yake. Ukiwa mbovu, basi.

"Na mwanamume mwenye ufunguo mbovu akizaa?"

"Wanawe wa kiume hawapati. Kwao yeye hutoa kitu kingine. Lakini mabinti zake anawapa wote, bila kubakisha."

Ndiyo maana Mzee Masikio alisikia. Hakuwa mvivu, masikini. Alikuwa mtoto wa kiume wa baba yake.

Daktari akaongeza kwamba figo za Nyundo alizipiga picha mwenyewe, na zilikuwa zimesinyaa kama embe lililokauka. Sumu ya juzi haifanyi vile, ni kazi ya miaka. Sasa angetuma damu ya kijana na ya Patasi ipimwe kuhakikisha, na kesho angesimama popote atakapoitwa. Kwa kijana hawakuchelewa, dawa zingeweza kumpa miaka mingi kabla ya mashine. Kisha akauliza, kalamu mkononi, kama Nyundo aliacha watoto.

"Pacha," Afande alisema. "Wa kiume na wa kike."

Daktari akaiweka kalamu chini. Njia nzima ya kurudi kituoni Afande hakumuuliza mtu yeyote swali lolote.

"Mbona huna sharubu?" Mkuu aliuliza, akafurahia sana neno lake. Furaha haikudumu. Afande aliyapanga mambo mezani moja baada ya jingine, mkojo mwekundu wa utotoni, chai safi, figo zilizosinyaa, kinyozi. Mkuu alijaribu kuuliza labda alimtilia sumu kidogo kidogo. Akaulizwa mbona sumu hiyo imemfuata kijana ng'ambo ya mji, na mbona ilimwua babu kabla mwanamke hajazaliwa. Mkuu akampigia mwendesha mashtaka, akasikiliza, akaitikia, akaagiza mahabusu ifunguliwe.

Bi Mkubwa alikuwa ameitwa, na aliwasili na pacha wa kiume kamkaza mkono. Afande alimkalisha kwenye benchi la ukumbini, akamweleza yote, bila kupamba na bila kuficha. Alidhani mama huyu angepiga kelele. Hakupiga. Aliitazama mikono yake iliyokuwa haijawahi kuumwa.

"Mbona mimi mzima?"

Kwa mara ya kwanza neno hilo lilimchoma mwenye nalo. Akamweleza habari ya funguo mbili.

"Kwa hiyo ni mimi. Nimewaua wanangu, nikamfunga mke wa mwanangu."

"Kuwaua hukuwaua, mama. Ulipewa na baba yako hujui, ukawapa hujui. Kumfunga, hilo ulilifanya."

Alikubali kwa kichwa, na machozi yakatoka bila sauti.

Komeo lilikwama, likasukumwa kwa bega, na Mama Pacha, aliyekwisha kuelezwa mlangoni kwamba ni ugonjwa wa kurithi, akatoka, mkono umeziba macho kwa mwanga. Hakumtazama mama mkwe. Alipiga magoti mbele ya mtoto wa kiume, akampapasa uso, miguu, kope, akitafuta uvimbe.

"Huyu je, Afande? Niambie tu. Nimeshazoea."

"Huyu hana. Hawezi kuwa na ugonjwa huo. Baba yake hakuweza kumpa."

Mama Pacha alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia mtoto mpaka akalalamika. Jirani alikuwa anaingia wakati huohuo, na pacha wa kike, ambaye alijinasua, akakimbia ukumbi mzima na kumrukia mama mgongoni. Alikuwa mnene, mchafu, mwenye afya. Alianza papo hapo kusimulia habari za paka wa jirani.

Mama Pacha akageuka kumwonyesha Afande uso wa furaha, akamkuta anatazama sakafu. Akamtazama mama mkwe. Bi Mkubwa alikuwa amemkazia macho yule mtoto wa kike, macho ya mtu anayejitazama kwenye kioo.

"Huyu naye hana kitu," Mama Pacha alisema polepole. "Si ndiyo? Ni mzima huyu."

"Ni mzima," Afande alisema. "Huenda akawa mzima mpaka uzee, kama bibi yake. Daktari anataka kumwona kila mwaka. Na siku akija kuzaa, ajue mapema."

Alielewa. Mwanamke aliyekuwa ameandaa moyo wake wote upande wa mwana wa kiume alielewa kwamba balaa limeingilia upande mwingine.

"Mimi nimetoka mle," alisema. "Yeye ndiye kaingia."

Bi Mkubwa akanyoosha mikono. "Nipe nimbebe. Huyu ni wangu."

"Ulisema ni wa mama yake."

"Nilisema."

Mama Pacha hakumpa mtoto. Lakini benchi lilikuwa moja tu. Aliketi pembeni ya mama mkwe, mtoto wa kike katikati yao anaendelea na paka wake, wa kiume sakafuni anacheza na kamba ya kiatu cha Afande. Bi Mkubwa alisogea kidogo kumpa nafasi, na ukuta ukamzuia kusogea zaidi.

Mkuu alichungulia kutoka ofisini, akashangaa kuwaona bado wapo. Akawaambia wanaweza kwenda nyumbani, mlango uko wazi.

Hakuna aliyeinuka. Na Afande Mbona, aliyesimama karibu na mlango huo, hakuuliza kitu.